Ribiti Zimo, Watu Hawamo

Neno linalopendwa kuliko yote na watengenezaji wa ndege za modeli ni usahihi. Ndege ya plastiki inayokaa kwenye kiganja inaweza kuzua ubishi wa wiki mbili kwa sababu gurudumu la nyuma limesogea milimita moja. Mtu mzima mwenye kazi, watoto na mkopo wa nyumba atakuandikia kurasa tatu kukueleza kwamba kijani ulichopaka kilianza kutumika Agosti, ilhali ndege yako ilianguka Julai. Wenyewe huitana wahesabu ribiti, nusu kwa utani, nusu kwa fahari.

Mimi ni mmoja wao. Nalisema hilo mapema ili msomaji asidhani nimekuja kuucheka mchezo huu nikiwa nje ya uzio. Wengi huwalaumu wahesabu ribiti kwa kujali mno. Mimi nawalaumu kwa kutojali vya kutosha: usahihi wao unafika kwenye ncha ya bawa na kukomea hapo. Chini ya bawa kuna bomu, na chini ya bomu kulikuwa na watu. Ukifika kwa watu, unaambiwa umeingiza siasa.

Kwa wasioujua mchezo wenyewe, nieleze kidogo, maana hoja yangu imo ndani ya vifaa.

Ndege ya modeli ya kawaida huuzwa sandukuni ikiwa vipande vya plastiki aina ya polistirini. Plastiki huyeyushwa, ikasukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma, ikapoa, ikatoka. Kalibu ya chuma ni ghali kuichonga, kwa hiyo kampuni haiwezi kuichonga kwa ajili ya wateja mia tatu. Inachonga kile ambacho dunia itakinunua. Ndiyo maana Spitfire haziishi. Ndege ya kwanza ya Airfix, kampuni mashuhuri ya Uingereza, ilikuwa Spitfire, katika uwiano wa 1/72, na ilitoka mwaka 1953. Tangu hapo hakuna ndege ya Kiingereza iliyorudiwa na viwanda kama hiyo.

Rezini ni habari nyingine. Mtu mmoja anaweza kuimimina gerejini kwake. Anachonga kipande cha mfano, tuseme kiti cha rubani, anakizungushia mpira wa silikoni, silikoni ikishika anakitoa, na tundu linalobaki ndilo kalibu. Kisha anachanganya vimiminika viwili, anamimina, anatoa mapovu ya hewa kwa pampu, anasubiri. Kinachotoka kina mikunjo ya mikanda ya kiti, mshono wa mto, kichwa cha kila skrubu. Kalibu ya silikoni haidumu. Baada ya kumiminiwa mara nyingi huanza kuchanika, na inabidi kutengeneza nyingine. Lakini haihitaji wateja laki moja. Wateja mia wanatosha. Hivi ndivyo ilivyozaliwa biashara nzima ya vipande vya ziada: magurudumu, injini, vyumba vya marubani, mabomba ya moshi, bunduki, mabomu. Eduard, kampuni ya Jamhuri ya Cheki, imejijengea jina duniani kwa vipande hivi, pamoja na vile vya shaba vyembamba kama ganda la kitunguu.

Kufanya kazi na rezini kunataka subira na barakoa. Kila kipande hutoka kikiwa kimeungana na bonge ambalo lazima ulikate kwa msumeno mwembamba. Vumbi lake ni baya kwa mapafu, kwa hiyo unasugua kwa msasa uliolowa. Kabla ya rangi unakiosha kwa sabuni, la sivyo mafuta yaliyopakwa kwenye kalibu yataikataa rangi. Gundi ya plastiki haikishiki, maana gundi ile hufanya kazi kwa kuyeyusha plastiki, na rezini haiyeyuki. Unatumia supaglu, na supaglu haikupi nafasi ya pili. Baada ya hayo yote, kipande kikikaa mahali pake, unapata furaha ambayo siwezi kumweleza asiyewahi kuipata. Pale palipokuwa na kinundu cha plastiki sasa pana kitu ambacho fundi wa mwaka 1943 angekitambua kwa jina.

Basi tuzungumze juu ya ndege moja.

Harvard ni ndege ya mafunzo iliyobuniwa Marekani na kampuni ya North American. Ina viti viwili, kimoja nyuma ya kingine, na injini ya Pratt & Whitney R-1340 yenye silinda 9 zilizopangwa kwa duara, nguvu ya farasi 600. Maelfu ya marubani wa Vita vya Pili vya Dunia walijifunzia humo. Hupendwa kama anavyopendwa mwalimu wa darasa la kwanza. Mlio wake hausahauliki: ncha za rafadha yake huzunguka kwa kasi inayokaribia kasi ya sauti, zikatoa ukelele unaosikika kabla ndege yenyewe haijaonekana. Kwenye masanduku ya modeli huchorwa ikiwa ya manjano, katika anga safi, na vijana wawili ndani wanaojifunza kuruka.

Mwezi Machi 1953, miezi mitano baada ya Gavana Evelyn Baring kutangaza Hali ya Hatari nchini Kenya, Jeshi la Anga la Uingereza liliunda kikosi kidogo cha Harvard huko Thornhill, Rhodesia ya Kusini. Kikosi kilipewa nambari 1340, ambayo kwa sadfa tu ni nambari ya injini yake. Kililetwa Kenya, kikaweka makao Mweiga, karibu na Nyeri. Ndege za mafunzo zilifungwa bunduki ya rashasha na vishikio vya mabomu madogo ya ratili 20, manane kwa kila ndege, mabomu ya aina inayopasuka vipande vipande ili kukata miili. Shabaha ilikuwa misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya. Misitu hiyo ilikuwa imetangazwa eneo lililopigwa marufuku: yeyote aliyeonekana humo angeweza kuuawa bila kuulizwa jina.

Novemba mwaka huohuo zikaja Avro Lincoln, ndege kubwa za injini nne, ndugu wadogo wa Lancaster, zikiruka kutoka Eastleigh, Nairobi, na mabomu ya ratili 500 na 1,000. Ziliendelea hadi Julai 1955. Nyingine ndogo zilimwaga vipeperushi na kupaza sauti kwa vipaza sauti juu ya miti, zikiwataka wapiganaji wajisalimishe. Habari za kijasusi zilikuwa hafifu, na mara nyingi mabomu yalidondoshwa pale palipodhaniwa tu kuwa pana kambi. Hata hivyo, idadi inayotajwa ya waasi waliouawa au kujeruhiwa kutoka angani kufikia Juni 1954 inakaribia 900. Wahenga wanasema wapiganapo tembo nyasi huumia. Katika Nyandarua tembo nao waliumia, na nyati, na faru.

Kwa nini ndege ya mafunzo? Kwa sababu aliye chini hakuwa na ndege. Harvard ni nzito na ya polepole. Mbele ya ndege yoyote ya kivita ya mwaka 1953 isingedumu dakika kumi. Inageuka ndege ya vita pale tu ambapo hakuna wa kuijibu. Wafaransa waliitumia Algeria. Wareno waliitumia Angola, Guinea-Bissau na Msumbiji hadi ukoloni wao ulipoanguka mwaka 1974. Ukitaka kujua mahali ambapo dola ya Ulaya ilipigana na watu wasio na anga, tafuta ilikopelekwa ndege hii ya kufundishia. Hiyo ni habari ya kiufundi kama ilivyo kipenyo cha gurudumu. Kwenye lebo za maonyesho, kipenyo cha gurudumu hutajwa. Hii haitajwi.

Niliitengeneza Harvard ya Mweiga katika uwiano wa 1/48. Injini ni ya rezini, silinda 9, na nyaya za plagi nilizisokota mwenyewe kwa uzi wa shaba uliotoka kwenye chaja iliyokufa. Magurudumu ni ya rezini, yamebonyea kidogo chini kana kwamba yamebeba uzito. Mabomu manane nayo ni ya rezini, kila moja na mapezi yake. Niliipeleka kwenye maonyesho ya klabu moja, katika ukumbi wa mji mmoja hapa Uingereza ninakosomea shahada ya uzamili, na kando yake nikaweka lebo: Harvard, Kikosi 1340, Mweiga, 1953–1955. Mabomu manane ya ratili 20, dhidi ya watu katika misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya. Waliokuwa humo waliruhusiwa kuuawa popote walipoonekana.

Jaji alikuwa mzee mpole. Aliinama na tochi yake ndogo, akakaa kwenye injini muda mrefu kuliko nilivyotarajia, akaisifu. Kisha akagusa lebo kwa kidole.

“Hii utaibadilisha, kijana wangu? Jina la ndege na rangi ulizotumia zinatosha. Siasa tunajaribu kuiacha mlangoni.”

Nikamuuliza ni neno gani kati ya yale lisilo sahihi. Akasema hakuna, yote anaamini ni sahihi. Akaniuliza, kwa sauti ya kunipa pole, kama babu yangu alikuwa Mau Mau. Babu yangu alikuwa karani wa mizigo katika bandari ya Kilindini. Mwaka 1954 alikuwa akihesabu magunia ya kahawa. Nilimwambia hivyo. Akaonekana kutatizika zaidi. Kama halikuwa jeraha la ukoo, basi kwa nini?

Hapo ndipo penye kiini cha ugomvi wangu. Kwake yeye, kifo cha mtu wa Nyandarua ni hisia ya mjukuu wake. Ni kitu cha kuvumiliwa kwa adabu kama msiba wa jirani. Hakikumjia kama habari, yaani kitu ambacho kilitokea na ambacho mtu yeyote mwenye nia ya kuwa sahihi anawajibika kukijua, awe wa Nyeri, wa Mombasa au wa Birmingham. Mzee yule hakuzaliwa kwenye kiwanda cha injini za Pratt & Whitney, lakini anajua mpangilio wa silinda zake. Hakuhitaji ukoo ili ajue hilo.

Niliiacha lebo kama ilivyokuwa. Ndege ikaondolewa kwenye mashindano, ikawekwa kwenye meza ya nyuma ya kuonyesha tu.

Sasa tutazame meza ya mbele. Kulikuwa na Lancaster ya kikosi kilichoshambulia mabwawa ya Ujerumani usiku wa tarehe 16 Mei 1943. Lebo yake ilikuwa ndefu kuliko yangu. Ilieleza bomu lililorukaruka juu ya maji, ujasiri wa vijana 133 walioondoka, na 53 waliokufa. Ni kweli yote, na ni haki wakumbukwe. Haikueleza kwamba mafuriko ya usiku ule yaliua zaidi ya watu 1,200, wengi wao wakiwa vibarua wa kulazimishwa waliotekwa kutoka Muungano wa Kisovieti, watu waliokuwa upande uleule na marubani. Hakuna aliyeiambia lebo ile kuwa ina siasa. Kumbe lebo yenye wafu inaruhusiwa. Kinachoulizwa ni wafu wa nani.

Wanaosema “ni ndege tu” wanajua kuwa si ndege tu. Nenda kanunue ndege ya Kijerumani ya vita vile iliyotengenezwa na kampuni ya Ujerumani, ufungue karatasi ya nembo za kubandika. Mkiani mwa ndege halisi palikuwa na swastika. Kwenye karatasi haipo, maana sheria ya Ujerumani inapiga marufuku kuionyesha hadharani nembo hiyo. Kampuni nyingine huikata vipande viwili ili mteja aiunganishe mwenyewe. Wahesabu ribiti hulalamika, na wana hoja: ndege isiyo na swastika si sahihi. Lakini tayari sheria, historia na aibu vimo ndani ya sanduku, kabla mimi sijaandika lebo yoyote. Chukua pia michoro maarufu ya Roy Cross aliyoichorea Airfix, yenye moto na milipuko. Michoro hiyo ilipotumiwa tena miaka ya baadaye, kwenye baadhi ya masanduku risasi na milipuko ilifutwa, na ndege zikabaki zikielea katika anga tulivu. Kufuta nako ni uamuzi. Mchezo huu umekuwa ukiamua nini kionekane tangu zamani. Unachokataa ni kuulizwa.

Na si vilabu vya mitaani peke yake. Mwaka 1995 Jumba la Makumbusho ya Anga mjini Washington lilikuwa limepanga kuionyesha Enola Gay, ndege iliyodondosha bomu la atomiki Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945, pamoja na maelezo ya bomu lenyewe na waliokuwa chini yake. Vyama vya wanajeshi wastaafu vikapinga, wabunge wakaingia, maonyesho yakafutwa, na mkurugenzi Martin Harwit akajiuzulu. Kilichoonyeshwa kilikuwa mwili wa ndege na maelezo machache. Tangu 2003 ndege nzima imesimama katika tawi la jumba hilo karibu na uwanja wa Dulles, inang'aa, na mgeni anaelezwa urefu wa mabawa, uzito, aina ya injini. Ile ndiyo modeli kubwa kuliko zote duniani: uwiano wa 1/1, ribiti zote zimo, watu hawamo.

Kuna jibu jingine ambalo nimelisikia, na halistahili kupuuzwa: Mau Mau nao waliua. Ndiyo, waliua. Usiku wa tarehe 26 Machi 1953, kule Lari, wanaume, wanawake na watoto walichomwa ndani ya nyumba zao na waliotoka wakakatwa mapanga. Wengi wa waliouawa na Mau Mau katika vita vile walikuwa Waafrika, na wengi wao Wakikuyu. Halafu kisasi cha Lari nacho kikaua. Mtu akitengeneza modeli ya Lari, na ailebo hivyo, bila kumung'unya maneno. Lakini jibu hili halihusu lebo yangu. Lebo yangu haikusema nani alikuwa mwema. Ilisema ndege hii ilibeba nini, na ilikipeleka wapi. Anayehisi kwamba kutaja tu ni kushtaki, ashughulike na alichokihisi.

Nimewajibu wazee wa ukumbini. Sasa nigeukie upande wangu, kwa wenzangu wa darasani.

Rafiki yangu mmoja, mwanafunzi mwenzangu kutoka Afrika Mashariki, aliiona Harvard mezani kwangu akashika kichwa. “Yaani ndugu yangu, unalipa pauni kununua ndege iliyowapiga watu wetu, halafu unaipamba?” Wengine husema kwa lugha ya kisomi zaidi: kwamba kuitengeneza silaha ya mkoloni kwa upendo ni kuendelea kutawaliwa akilini, kwamba muda huo ningeutumia kusoma simulizi za wapiganaji wenyewe. Huu ni msimamo unaopendeza kuutamka kwenye semina. Matokeo yake ni kwamba ujuzi wote wa vyuma tunawaachia wao. Wao wajue bomu lilikuwa na uzito gani, lilifungwa vipi, lilidondoshwa na kikosi gani, mwezi gani. Sisi tubaki na uchungu. Siku ya ubishi, mwenye uchungu bila tarehe hushindwa na mwenye tarehe bila uchungu.

Tazama jinsi wazee wa Mau Mau walivyoishinda serikali ya Uingereza. Mwaka 2009 walifungua kesi London. Serikali ikajitetea kwa hoja za kisheria, kwamba haya ni ya zamani, kwamba mrithi wa dhamana ni Kenya. Wanahistoria watatu, David Anderson, Caroline Elkins na Huw Bennett, wakatoa ushahidi wa kitaalamu, na katika kubanwa huko ikadhihirika mwaka 2011 kwamba kulikuwa na maelfu ya majalada ya makoloni 37 yaliyofichwa Hanslope Park, mengine yakihusu Kenya. Tarehe 6 Juni 2013, William Hague, Waziri wa Mambo ya Nje, alisimama bungeni akatamka masikitiko ya serikali yake, na wadai 5,228 wakalipwa jumla ya pauni milioni 19.9. Kesi ile ilisukumwa na miili ya wazee yenye makovu na ujasiri wao wa kusimama. Lakini ilisukumwa pia na watu waliokaa na karatasi, wakalinganisha jina na jina, tarehe na tarehe, kambi na kambi. Wahesabu ribiti wa nyaraka. Usahihi si mali ya mkoloni. Ni silaha ya yule ambaye hataaminiwa akisema kwa ujumla.

Ndiyo maana naukasirikia usahihi wa nusu. Unachukua silaha nzuri namna hii na kuitumia kupima mabomba ya moshi.

Hebu tuuchukue uwiano wa 1/48 kwa dhati. Mtu wa sentimita 170 anakuwa milimita 35. Anatosha kusimama kwenye kidole chako. Mti wa mita 30 unakuwa wa sentimita 62, mrefu kuliko meza nyingi za kahawa. Tuseme ndege inapita mita 300 juu ya ardhi: hiyo ni mita 6 na robo, yaani Harvard yangu inapaswa kuning'inia juu ya dari ya ukumbi ule, na chini sakafuni kuwe na msitu unaokufika mapajani, mianzi na podo, na ndani yake watu wa milimita 35 ambao kutoka juu huwaoni kabisa. Hapo ndipo ungeelewa kazi ya rubani yule ilikuwa nini. Alikuwa akidondosha vipande vya chuma ndani ya kijani. Modeli iliyokaa juu ya ubao wa mbao uliopakwa vanishi imeuondoa umbali huo, na kwa kuuondoa imesema uongo mkubwa kuliko rangi yoyote iliyokosewa. Lakini hakuna jaji anayepunguza alama kwa msitu usiokuwepo.

Halafu kuna kitu kinachonikosesha usingizi kuliko vingine. Tunajua Harvard moja moja kwa nambari zake za mkiani. Ndege nyingi zina historia iliyoandikwa: ilijengwa lini, ikapelekwa wapi, ikauzwa kwa nani, ikaanguka wapi. Chuma kina wasifu. Dedan Kimathi alikamatwa tarehe 21 Oktoba 1956, akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957, na hadi leo kaburi lake halijathibitishwa liko wapi. Huyo ni kiongozi mwenye sanamu katikati ya Nairobi. Sembuse yule asiye na jina aliyepasuliwa na bomu la ratili 20 katika mianzi ya Nyandarua, ambaye hata waliomuua hawakujua kama wamemuua. Tunajua mengi mno juu ya kilichoangusha na machache mno juu ya aliyeangukiwa. Mchezo unaojisifu kwa utafiti ungeona aibu juu ya pengo hilo, ungelifanyia kazi. Badala yake unalifunika kwa neno siasa.

Na rezini ndiyo inayoondoa kisingizio cha mwisho. Zamani mtu angeweza kusema kampuni hazitengenezi, soko halipo, kalibu ni ghali. Rezini ilizaliwa kwa ajili ya kile ambacho soko haliwezi kukilipia. Kwa gharama ya kalibu mbili za silikoni, mtu gerejini anaweza kumimina handaki la mianzi, vipeperushi vilivyotawanyika, kreta yenye mizizi iliyong'olewa, mtu wa milimita 35 aliyelala kifudifudi na mikono juu ya kisogo. Walio hodari wa kuchonga skrubu ya milimita nusu wanaweza kuchonga kidole. Orodha za vipande vya ziada zina viti vya marubani vya kila mwaka na kila mtindo. Kwenye ardhi hazifiki.

Sidai makumbusho. Sidai mtu yeyote aache kutengeneza Spitfire, wala aombe radhi kwa kufurahia mlio wa Merlin. Nadai jambo dogo ambalo klabu yoyote inaweza kulianza Jumamosi ijayo. Ndege ikiwa na silaha, lebo yake ijibu maswali matatu: ilibeba nini, ilikipeleka wapi, nani alikuwa chini. Jibu la tatu likiwa halijulikani, liachiwe nafasi tupu iliyochorewa mstari, kama fomu inavyosubiri kujazwa. Nafasi tupu ni sahihi. Kujifanya hakukuwa na swali si sahihi. Na majaji, ambao wana tochi na vipimo, wapunguze alama kwa lebo isiyo na jibu kama wanavyopunguza kwa mshono usiosuguliwa.

Kwa wenzangu wa upande huu: jifunzeni vyuma. Si lazima mnunue plastiki. Lakini mtu anayetaka kuandika juu ya Hali ya Hatari ajue Harvard na Lincoln zilitofautiana vipi, Mweiga ni wapi, rashasha ilifungwa wapi. Mzee aliyelala kwenye mianzi mwaka 1954 alizitofautisha kwa mlio tu, kwa sababu uhai wake ulitegemea hilo. Tukisema kwamba sisi hatuna haja ya kuzitofautisha, hatumheshimu.

Harvard yangu sasa iko juu ya rafu, na lebo yake iko palepale, maneno yaleyale. Mwaka ujao nitairudisha kwenye meza ya mashindano. Anayetaka lebo ibanduliwe, na aanze kwa kubandua mabomu manane yaliyo chini ya mabawa, kisha anieleze kama ndege iliyobaki ni sahihi.